Kabla ya riwaya, Dickens alikuwa ripota wa Bunge

Miongoni mwa malalamiko ambayo sisi walimu wa vyuo vikuu huyasikia kutoka kwa wanafunzi wetu wa zamani, lipo moja ambalo limenijia mara nyingi kiasi cha kunilazimu kulitafakari. Ni lalamiko la vijana waliosomea lugha au uanahabari, wakaajiriwa na gazeti, redio au televisheni kwa furaha kubwa, na baada ya mwaka mmoja au miwili wakahisi kwamba wamegeuka ngamia wa kinu cha mafuta, mwendo wa kutwa nzima na mahali ni pale pale. Kijana aliyeota kuandika makala ya kuitikisa nchi hujikuta kila asubuhi akitafsiri taarifa za mashirika ya habari, akiripoti kwamba mheshimiwa fulani amewahimiza wananchi kudumisha amani, au akisoma matokeo ya kandanda kwa sauti ile ile ya juzi na jana. Hatimaye huanza kujiuliza iwapo alipotea njia.

Lalamiko hilo si la kupuuzwa. Baadhi ya vijana hao huiacha kazi kabla hawajaimudu, na vyombo vya habari vya Kiswahili hupoteza watu ambao vingewahitaji sana. Wengine husalia, lakini husalia kimwili tu. Lugha yao hukauka, sentensi zao huwa zile zile mwaka nenda mwaka rudi, na msomaji huweza kuimaliza taarifa kichwani kabla hajaisoma. Kwangu mimi niliye mwalimu wa isimu, hasara hii ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza, kwa maana mwandishi aliyeacha kuisikiliza lugha anayoiandika huwafundisha maelfu ya wasomaji wake kutoisikiliza pia.

Nimeona heri nilijibu lalamiko hili kwa kusimulia sehemu ya maisha ya mtu ambaye walimu na wanafunzi wa fasihi hawahitaji kujulishwa. Huyo ni Charles Dickens, Mwingereza aliyetunga riwaya kama vile Oliver Twist na Great Expectations. Wengi tunamjua kwa vitabu vyake. Wachache hukumbuka kwamba kabla ya vitabu hivyo aliishi kwa kuandika maneno ya watu wengine, kwanza mahakamani na kisha Bungeni, kwa muda wa miaka kama saba ya ujana wake. Dai langu ni kwamba alichokichukia katika kazi hiyo na alichokipata kutokana nayo ni vitu viwili tofauti, na kwamba kijana anayehisi amekwama hana budi kujifunza kuvitenganisha.

Dickens alizaliwa Portsmouth tarehe 7 Februari 1812. Baba yake alikuwa karani katika ofisi ya malipo ya jeshi la wanamaji, mtu mchangamfu asiyejua kuyapima matumizi yake. Mwaka 1824 baba huyo alitiwa katika jela ya wadeni ya Marshalsea jijini London, naye Charles, akiwa na umri wa miaka 12, akapelekwa kufanya kazi katika ghala la rangi ya viatu kando ya mto Thames. Kazi yake ilikuwa kufunika vikopo vya rangi na kuvibandika lebo, kimoja baada ya kingine, tangu asubuhi hadi jioni. Basi mtu huyu aliijua maana ya kazi ya kujirudiarudia mapema mno. Baadaye alirudishwa shuleni kwa muda mfupi, na mwaka 1827, akiwa na miaka 15, akawa karani mdogo katika ofisi ya mawakili.

Ukarani haukumridhisha. Aliona kwamba vijana waliojua hati mkato walipata riziki nzuri zaidi kwa kunakili mijadala, naye akaamua kujifunza hati hiyo peke yake kwa kutumia kitabu cha Thomas Gurney. Mfumo wa Gurney ulikuwa mgumu. Ulijaa mikwaju, vitone na alama zilizobadilika maana kutegemea mahali zilipowekwa. Wale wanaosoma Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu wanafahamu jinsi nukta moja inavyoweza kuigeuza herufi. Dickens alikumbana na mambo ya aina hiyo kwa kila neno, tena alitakiwa kuyaandika kwa kasi ya ulimi wa msemaji. Miaka mingi baadaye, katika riwaya ya David Copperfield iliyochapishwa kati ya 1849 na 1850, alimfanya mhusika wake mkuu ahangaike na hati hiyo hiyo.

Kazi yake ya kwanza ya unakili ilikuwa katika mahakama za Doctors' Commons, karibu na kanisa kuu la Mtakatifu Paulo. Humo zilisikizwa kesi za kanisa, za wasia, za ndoa na za mambo ya baharini. Dickens hakuwa na mshahara. Alikaa akingoja wakili amwite anakili kesi, kama hamali anavyongoja mzigo sokoni. Siku nyingi zilipita katika ungojeaji huo. Hata hivyo hakuziachia zipite bure. Mara tu alipotimiza umri wa miaka 18, mnamo Februari 1830, aliomba kibali cha kusoma katika maktaba ya British Museum, na huko akajisomea yale ambayo shule haikumpa.

Kutoka mahakamani alihamia Bungeni. Mjomba wake, John Henry Barrow, alikuwa ameasisi mwaka 1828 chapisho lililoitwa Mirror of Parliament, ambalo lengo lake lilikuwa kuchapisha mijadala ya Bunge kwa ukamilifu. Dickens alijiunga nalo akiwa hajafikisha miaka 21, na mwaka 1832 aliandikia pia gazeti la True Sun kwa muda. Mazingira ya kazi yalikuwa duni. Katika Bunge la Makabwela waandishi walibanana kwenye safu ya nyuma ya roshani ya wageni, wakiandika juu ya magoti yao. Katika Bunge la Malodi walisimama ndani ya kizimba kidogo mithili ya kondoo. Vikao viliendelea hadi usiku wa manane. Ripota alinukuu kwa zamu yake, kisha akatoka mbio kwenda kuzifasiri alama zake ziwe maandishi ya kawaida, halafu akarudi kuingoja zamu nyingine. Bunge lilipokwenda likizo, mapato nayo yalikatika.

Hapa pana jambo ambalo ningependa wanafunzi walitafakari. Miaka hiyo haikuwa ya vikao visivyo na maana. Mwaka 1832 Bunge lilipitisha sheria ya kupanua haki ya kupiga kura. Mwaka 1833 lilipitisha sheria ya kukomesha utumwa katika sehemu kubwa ya milki ya Uingereza. Mwaka 1834 likapitisha sheria mpya kuhusu maskini, ambayo ukatili wake Dickens aliushambulia baadaye katika Oliver Twist. Wanahistoria huihesabu miaka hiyo kuwa ya mageuzi makubwa. Hata hivyo, kwa kijana aliyekuwa rohani akinakili kila neno, mageuzi hayo yalikuja yakiwa yamefungwa ndani ya hotuba ndefu, zenye kuzunguka, zilizosemwa na wazee waliopenda kuisikia sauti yao wenyewe. Anayeiandika historia siku inapotendeka aghalabu huiona kuwa kazi ya kawaida. Huenda mwanahabari wa leo anayelalamika kwamba anaandika mambo yasiyo na uzito anaandika jambo ambalo wajukuu wake watalisoma shuleni.

Kwamba Dickens alijihisi amekwama si kisio langu. Ushahidi upo katika alichotaka kukifanya. Kwa miaka mitatu hivi alikwenda ukumbi wa maonyesho karibu kila usiku, akawa anajifungia na kujizoeza uigizaji kwa saa nyingi kwa siku. Mwaka 1832 aliwaandikia wasimamizi wa ukumbi wa Covent Garden akiomba ajaribiwe kama mwigizaji, naye akapewa siku. Siku ilipowadia alikuwa mgonjwa, amevimba uso na kupatwa na mafua makali, asiweze kwenda. Alikusudia kujaribu tena msimu uliofuata, lakini kazi ya kuripoti ikamshika. Wakati huo huo alikuwa akimpenda Maria Beadnell, binti wa mtu wa benki, ambaye jamaa zake hawakuona kwamba ripota asiye na mali alimfaa binti yao. Mapenzi hayo yalivunjika mwaka 1833. Basi hebu tumtazame kijana wa miaka 21, hana mchumba, hana jukwaa, na kila usiku anayaandika maneno ya wengine.

Alichofanya mwishoni mwa mwaka huo ndicho kiini cha makala haya. Hakuiacha kazi. Alikaa akaandika kisa kifupi cha kuchekesha kuhusu watu wa tabaka la kati jijini London, na jioni moja akakitumbukiza kwa siri katika sanduku la barua la jarida la Monthly Magazine, kwenye uchochoro mmoja karibu na mtaa wa Fleet. Kisa hicho kilitoka katika toleo la Desemba 1833. Hakikuwa na jina lake wala hakikumpatia hata senti. Alilinunua jarida dukani, akaona maneno yake yamepigwa chapa, akaingia katika ukumbi wa Westminster, jirani ya Bunge, akakaa humo nusu saa kwa sababu macho yalikuwa yamemjaa machozi na hakutaka kuonekana barabarani. Alilia jirani na mahali alipokuwa akichoshwa kila siku.

Visa vingine vilifuata katika jarida hilo hilo, vyote bila malipo. Mnamo Agosti 1834 alianza kuvitia sahihi ya Boz. Asili ya jina hilo humfurahisha mwanaisimu yeyote. Dickens alimpa mdogo wake Augustus jina la utani la Moses, lililotoka katika riwaya ya Oliver Goldsmith. Jina hilo lilipotamkwa kwa pua lilikuwa Boses, na Boses likafupishwa kuwa Boz. Mtu mwenye mafua hushindwa kutoa sauti ya m, na badala yake hutoa b, kwa kuwa hewa haipiti puani. Watoto wote duniani wamewahi kusikia mabadiliko hayo. Dickens aliyasikia, akayacheka, akayahifadhi, kisha akayafanya jina la uandishi. Sikio hilo lisilotupa kitu ndilo lililomtenga na wenzake.

Mwezi huo huo wa Agosti 1834 aliajiriwa na gazeti la Morning Chronicle, lililokuwa likiongozwa na mhariri John Black na kushindana vikali na The Times. Kwa mara ya kwanza alikuwa na mshahara wa kudumu, gini tano kwa wiki. Nje ya vikao vya Bunge alitumwa mikoani kuripoti mikutano na uchaguzi. Mnamo Mei 1835 alimnukuu Lord John Russell mjini Exeter huku mvua ikinyesha, na wenzake wawili wakashika leso juu ya daftari lake ili wino usioshwe. Mara nyingi alirejea London usiku kucha katika gari la farasi lililokwenda mbio, akiandika kwenye kiganja cha mkono kwa mwanga wa fanusi, maana gazeti ambalo habari yake ingefika kwanza ndilo lingeshinda. Kwa kasi na usahihi, wengi wa wakati wake walimhesabu kuwa hodari kuliko wote waliokuwa rohani.

Sharti tulizingatie jambo hilo. Dickens hakuifanya kazi aliyoichoka kwa ulegevu huku akingoja siku ya kuondoka. Aliifanya kwa ukamilifu. Ukamilifu huo ulimpa sifa, na sifa ikafungua mlango. Wahariri wake walipogundua kwamba yeye ndiye Boz, walimpa nafasi ya kuchapisha makala yake katika gazeti lenyewe, na mwanzoni mwa 1835 George Hogarth, mhariri wa gazeti jipya la Evening Chronicle, akamwomba aandike mfululizo wa makala hayo. Dickens alikubali, ila aliuliza kwa adabu iwapo kazi hiyo ya ziada isingestahili malipo ya ziada. Mshahara wake ukapandishwa kutoka gini tano hadi saba kwa wiki. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu wako waajiri wanaopenda kuwaambia vijana kwamba shida ni shule na kwamba msanii wa kweli haulizi pesa. Dickens aliuliza, naye akapewa.

Na je, aliandika nini? Aliandika juu ya yale aliyoyapita kila siku akienda na kurudi kazini. Aliandika kuhusu mitaa ya London alfajiri kabla maduka hayajafunguliwa, kuhusu magari ya abiria na makondakta wake, kuhusu maduka ya nguo kuukuu, maduka ya rehani, vilabu vya pombe na gereza la Newgate. Aliandika pia kuhusu mahakama zile zile za Doctors' Commons alikongojea wateja, na kuhusu Bunge lile lile lililomchosha, safari hii akiwaeleza wabunge, mabawabu na wauza chakula wake kama watu anaowatazama badala ya sauti anazozinakili. Alichokuwa akikiandika kama kibarua mchana, alikitazama upya usiku kama mwandishi. Makala hayo yalikusanywa na kuwa kitabu cha Sketches by Boz, kilichotoka mnamo Februari 1836 kikiwa na picha za George Cruikshank. Mwandishi wake alikuwa ametimiza miaka 24 siku hizo hizo.

Siku chache baadaye mchapishaji William Hall alimtembelea nyumbani. Dickens alimtambua kuwa ndiye mtu aliyemuuzia lile jarida lenye kisa chake cha kwanza, na wote wawili wakaiona kuwa ishara njema. Hall alitaka maandishi ya kusindikiza picha za mchoraji Robert Seymour, yakitolewa sehemu moja kila mwezi. Dickens alishikilia kwamba picha ndizo zingeyafuata maandishi, na hivyo ikazaliwa The Pickwick Papers, ambayo ilianza kutoka mwishoni mwa Machi 1836. Sehemu ya kwanza ilipigwa chapa nakala zipatazo 1,000. Kazi hiyo ilipofika mwisho, mnamo Novemba 1837, nakala zilizouzwa kila mwezi zilikuwa zimefika 40,000.

Kilichoyapandisha mauzo hayo kinatuhusu sisi wa lugha. Ilikuwa ni kuingia kwa Sam Weller, mtumishi mwenye lafudhi ya watu wa kawaida wa London, ambaye alibadilishana sauti za v na w katika takriban kila sentensi. Wachekeshaji wetu nao hupenda kuigiza watu wanaobadilishana l na r, lakini wengi huishia kwenye kumdhihaki msemaji. Dickens alimpa Sam lafudhi hiyo pamoja na akili inayowashinda mabwana. Katika kitabu hicho hicho mna kesi ya mahakamani na uchaguzi wa ubunge wenye fujo na hongo, mambo ambayo ripota wa Morning Chronicle aliyashuhudia kwa macho yake. Ni vigumu kudhani kwamba mtu ambaye hakuwahi kunakili maelfu ya sentensi za mawakili na wanasiasa angeweza kuziiga kwa ustadi ule. Mkono ulikuwa ukichoka, lakini sikio lilikuwa likijaa.

Mnamo Novemba 1836 Dickens aliondoka Morning Chronicle. Zingatieni hesabu ya wakati. Karibu miaka mitatu ilikuwa imepita tangu kisa chake cha kwanza kuchapishwa. Katika muda huo alikuwa amemwoa Catherine, binti wa mhariri Hogarth, tarehe 2 Aprili 1836, na Pickwick ilikuwa imekwisha kushika. Hakuruka kabla ya kuona pa kutua. Lakini pia, alipopaona, hakukawia.

Je, aliisahau kazi ile? Bunge hakulisamehe. Mwaka 1841 watu wa mji wa Reading walimwomba awanie kiti chao, akakataa. Katika Bleak House, ya 1852 hadi 1853, aliwapa wanasiasa majina yanayofuatana kwa alfabeti na kutofautiana kwa herufi moja ya kwanza tu, akionyesha kwamba yeyote angeweza kukaa mahali pa mwenzake bila nchi kutambua. Katika Little Dorrit, iliyoanza mwaka 1855, alibuni ofisi ya serikali ambayo kazi yake ni kuzuia kila kitu kisifanyike. Dhihaka hizo zina uzito kwa sababu zilitoka kwa mtu aliyekwisha kuinakili lugha ya aina hiyo neno kwa neno, akajua jinsi sentensi ndefu inavyoweza kusemwa isiseme lolote.

Ustadi wenyewe wa uripota, kwa upande mwingine, aliuenzi hadi uzeeni. Aliongoza gazeti la Daily News kwa majuma machache mwanzoni mwa 1846, akaasisi jarida la Household Words mwaka 1850 na All the Year Round mwaka 1859. Mnamo Mei 1865, akiwahutubia wanahabari katika karamu ya mfuko wao wa misaada, alizikumbuka safari zake za usiku kwa mahaba makubwa. Aliwaeleza kwamba hata wakati huo, akiketi kusikiliza hotuba iliyopooza, mkono wake ulijikuta ukiandika hati mkato za kuwazia juu ya kitambaa cha meza. Alifariki tarehe 9 Juni 1870, akazikwa katika kanisa la Westminster Abbey, ng'ambo tu ya barabara kutoka Bungeni.

Najua kuna watakaosema kwamba Dickens alikuwa na kipaji cha pekee, na kwamba si haki kumpima kijana wa kawaida kwa kipimo chake. Ni kweli. Si kila ripota atakuwa mwanariwaya, wala si lazima awe. Thomas Beard, aliyefanya kazi na Dickens katika Morning Chronicle na kusimama naye siku ya harusi yake, aliendelea na kazi ya magazeti, na urafiki wao haukuvunjika. Kipaji hakifundishiki. Lakini mambo aliyoyafanya Dickens kati ya 1829 na 1836, yaani kuimudu kazi aliyopewa, kusoma wakati wa kungoja, kuyatazama upya yale aliyoyapita kila siku, kuandika kitu kimoja kisicho cha mwajiri, kudai ujira wake na kuondoka wakati ulipofika, hayo yote yanafundishika.

Kwa hiyo, kwa kijana anayetafsiri taarifa za mashirika ya habari hadi usiku, ushauri wangu si kwamba avumilie tu. Uvumilivu usio na kazi ya pembeni ni kuoza polepole. Hotuba anayoiripoti ina maneno mia tano ya kupoteza wakati, lakini nyuma ya jukwaa kuna bawabu, muuza njugu na mama aliyefunga safari tangu alfajiri akatumaini kusikizwa, na kila mmoja anasema Kiswahili chake. Neno geni alilolisikia kwenye matatu, nahau aliyoitumia shahidi mahakamani, jina la utani la mbunge mtaani, hizo ni akiba ambazo hakuna mhariri anayeweza kuzikata. Aziandike katika daftari lake mwenyewe.

Wahariri nao wana deni. Black na Hogarth waligundua kwamba ripota wao alikuwa akiwapa jarida jingine bure kile ambacho gazeti lao lingekihitaji, wakamfungulia nafasi na kumlipa. Katika kila chumba cha habari chetu yumkini yumo kijana wa aina hiyo, anayeandika usiku kile ambacho hakuna aliyemwomba mchana. Mhariri asiyejua yaliyomo katika daftari la ripota wake atakuja kuyasoma kwingine.

Na sisi walimu, badala ya kuwapa wanafunzi insha kuhusu siku nisiyoisahau kila muhula, tuwaambie waandike kuhusu njia wanayoipita kila siku kwenda shuleni, kisha waiandike tena wiki inayofuata bila kurudia sentensi hata moja. Atakayeweza kuifanya kazi hiyo akiwa kidato cha pili, hatashindwa na chumba cha habari.